Za Goti ni Arobaini

Mkuu wangu wa maabara hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Alikusikiliza miguu. Ukimwamkia akiwa amekupa mgongo alikuitikia marahaba, kisha akakwambia kiatu chako cha kushoto kimelika upande wa nje, au jana ulisimama sana kuliko siku zote. Mara ya kwanza aliponiambia hivyo nilicheka. Mara ya pili niligeuka kutafuta kioo ukutani, maana nilidhani ananiona. Hakukuwa na kioo.

Sote tulimwita Mkuu, basi. Sijui kama mkewe alimwita vingine. Alistaafu, nikakalishwa mimi kwenye kiti chake, na mpaka leo mtu akiita "Mkuu!" pale mlangoni nageuka kumtafuta yeye.

Nieleze kwanza mahali penyewe, kwa sababu bila mahali hutamwelewa. Maabara yetu iko mwisho wa korido ndefu, upande wa hospitali unaotazama milima. Masika, wingu likishuka kutoka Uluguru huingia hadi ndani ya korido, na wagonjwa unawasikia kabla hujawaona. Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya mifupa, na bado ndiyo. Wanaokuja wengi ni mama zetu wa mlimani, wale walioteremka na mizigo ya karoti na kabichi kichwani tangu wakiwa wasichana. Kutoka mlango wa nje hadi kwenye dirisha letu, mtu mwenye goti bovu huchukua hatua arobaini hivi. Nimezihesabu mwenyewe. Mkuu alikuwa amezihesabu kabla yangu, ndipo akatoa msemo wake: "Za mwizi ni arobaini, na za goti ni hizo hizo."

Maana yake alinifundisha wiki yangu ya kwanza.

"Binti wa mpunga," aliniita hivyo kwa sababu nilitoka Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, "funga mlango. Kaa. Sikiliza."

Nilisikia mtu anachechemea. Nikamwambia hivyo.

"Hata mbuzi angesikia hilo. Sikiliza tena. Za mwanzo ni nzito, goti limegoma kwa kukaa. Sasa amefika benchi la pili. Unasikia? Zinalainika. Hilo limesagika tu. Gegedu limelika, mfupa unasugua mfupa, lakini ukilitembeza linakubali." Akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakisukuma chini ya kopo la pamba. "Ishirini. Haitazidi hapo."

Aliyefuata nyuma yake alikuwa mama mwingine. Hatua yake ya kwanza na ya mwisho zilikuwa sawasawa, nzito vilevile. Mkuu alitikisa kichwa. "Huyu halimwachii. Huyu ana moto." Akaandika themanini, akakunja.

Tukawatoa damu, tukaisimamisha, tukangoja saa nzima. Wa kwanza alipata kumi na tisa. Wa pili sabini na nane. Nilifungua zile karatasi mimi mwenyewe na nywele zikanisimama, na yeye akaendelea kuosha mirija kana kwamba nimemsomea bei ya nyanya.

Kipimo chenyewe ni cha zamani na hakina uchawi wowote. Damu unaisimamisha kwenye mrija mwembamba mrefu, unaiacha saa moja, halafu unatazama chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukiwa na moto ndani, yaani kuna mahali unapigana na kitu, chembe hushikana na kuzama upesi. Siku hizi kuna kipimo kingine, tunakiita CRP, kinachopima protini ambayo ini huimwaga mwili ukishtuka, nacho jibu lake halichukui muda. Vyote viwili havitakwambia ni goti lipi wala ndani yake kuna nini. Vinakwambia moto ni mkubwa au ni mdogo. Mkuu alisema goti lililosagika nalo lina moto, asikudanganye mtu, ila ni moto wa jiko lililofunikwa majivu, na damu huutaja kidogo au haiutaji kabisa. Kwa hiyo goti ambalo kila mtu analiita uzee likija na damu inayopiga kelele, usiseme uzee. Tafuta usaha, tafuta kifua kikuu cha kiungo, tafuta baridi yabisi.

"Namba ni mlinzi," alikuwa akisema. "Mlinzi akilala usimlaumu mwizi."

Ile saa moja ya kungoja aliiita saa ya damu, na ndani yake alikuwa mtu mwingine. Nje ya saa hiyo alikuwa mcheshi wa kukera. Alitutania sisi watu wa tambarare kwamba magoti yetu hayajui mteremko kwa hiyo hayana akili. "Kupanda ni mapafu, kuteremka ni magoti," aliwaambia wale mama, nao wakamjibu kwamba yeye hajawahi kubeba hata kichane cha ndizi, atajuaje? Lakini saa ya damu ikianza alivuta kiti mbele ya stendi ya mirija, akakaa ameiangalia, na humo chumbani hakuna aliyeruhusiwa kuegemea meza, kuburuta kiti wala kupiga chafya ya nguvu. Pembeni ya stendi aliweka glasi ya maji, imejaa hadi ukingoni. Sheria ilikuwa kwamba maji yakiinama au yakitikisika, kipimo kinarudiwa.

Hilo nalo lina sababu yake. Mrija ukilala upande hata kidogo, damu huzama haraka kuliko kawaida na mtu mzima anaonekana mgonjwa. Mimi nililijua kwa aibu. Mwezi wangu wa kwanza nilisogeza stendi kwenye kona ya meza iliyobonyea, na katekista mmoja aliyekuja kwa kikohozi cha vumbi akapata namba ya mtu anayekufa. Alikuwa ameshaanza kuwapigia wanawe simu. Mkuu alikuja, akaitazama glasi, akanitazama mimi. "Kunywa," akaniambia. Nikayanywa yale maji yote mbele ya watu, nikajaza mengine, nikarudia kipimo. Katekista alikuwa mzima, na tangu siku hiyo kila meza naiwekea glasi ya maji kwanza, hata ya kulia chakula nyumbani kwangu Mwembesongo, na watoto wananicheka.

Basi hapo kwenye glasi ndipo yanapoanza yale ambayo siwezi kuyaeleza vizuri.

Mimi si mtu wa mizimu. Nimesomea kazi hii, nimekesha na vitabu. Lakini Jumatano, kama saa nne asubuhi, maji ya ile glasi yalikuwa yakitetemeka. Yalijikunja viduara vidogo kutoka katikati kwenda ukingoni, kikaja kimoja, baada ya kitambo kingine, kama vile mtu mzito anakanyaga sakafu polepole. Nikatoka kuangalia lori barabarani, hakuna lori. Nikaangalia korido, wagonjwa wote wamekaa kwenye mabenchi. Nikarudi ndani nikamkuta Mkuu ameinua macho kwenye mlango.

"Karibu," alisema taratibu, si kwangu. "Kaa."

Maji yakatulia. Kisha akarudia kipimo cha kila mtu aliyekuwa kwenye stendi, bila kulalamika, kana kwamba mgeni huyo ana haki ya kutupotezea muda.

Nje ya dirisha letu palikuwa na kigoda. Wagonjwa wana mabenchi, kigoda hakikuwa cha yeyote. Kilikuwa cha mti mwekundu mzito, kifupi, kile ambacho mama wa mlimani hukalia jikoni akichambua njegere, na kilikaa hapo bila kusogezwa. Mama wa usafi, ambaye amekuwa hospitalini hapa muda mrefu kuliko sisi sote, alipiga deki kukizunguka. Nilimuuliza siku moja kwa nini asikiondoe.

"Weee! Nilikiondoa mara moja," akanijibu, ameshika kiuno. "Huyu baba hajawahi kunipandishia sauti, siku hiyo alinipandishia. Akakifuata stoo mwenyewe na magoti yake yale mabovu. Akakirudisha, akakipangusa na leso yake. Mimi nikamwambia Mkuu nisamehe. Sasa na wewe mwanangu, usikikalie."

"Kwani nini?"

"Usikikalie tu."

Sikukikalia.

Nimesema magoti yake mabovu, na kweli yalikuwa mabovu. Kila Jumamosi alipanda mlimani kwenye shamba lake la upande wa mama yake, huko juu ambako gari haliendi, akalima kabichi, akateremka Jumapili baada ya misa akiwa ameshika ukuta wa kila nyumba njiani. Jumatatu alipiga kelele akiinuka kitini. Watu walimshauri ale bamia, maana kwetu kila mtu anajua kwamba bamia ina ute na goti linataka ute. Alikuwa akiwacheka hadi machozi. "Nionyesheni bomba linalotoka tumboni kwenda gotini," aliwaambia. Lakini mimi ndiye niliyekaa naye meza moja ya chakula cha mchana, na bakuli lake la ugali lilikuwa na bamia siku tano kwa wiki. Nikimtazama alisema, "Ninaipenda tu," na kulifunika kwa mkono.

Damu yake mwenyewe hakumpa mtu. Miaka yote niliyofanya naye kazi, mtu aliyechoma sindano mikono ya nusu ya wilaya hakukunja shati lake hata mara moja. Daktari wa mifupa alimwomba, akamdanganya ana safari ya Mikese. Nilimwomba mimi. Mama wa usafi akamtupia methali kwamba mganga hajigangi, na mwingine akamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alicheka na wote. Kwangu mimi alijibu jibu moja tu ambalo halikuwa la mzaha: "Ninaogopa nitaambiwa ni langu."

Sikuelewa. Nilidhani amekosea kusema, kwamba alitaka kusema anaogopa ataambiwa ana ugonjwa.

Jambo la mwisho la ajabu lilikuwa hili: hakupokea damu iliyokuja bila mwenyewe. Zahanati za milimani zilileta chupa ndogo zenye kifuniko cha zambarau, zimechukuliwa huko huko ili wagonjwa wasihangaike kuteremka. Malaria alipima, kisukari alipima. Lakini ikiwa fomu imeandikwa goti, aliisukuma nyuma kupitia dirishani. "Mwenyewe yuko wapi? Siandiki namba ya mtu ambaye sijamsikia akitembea." Waganga wakuu watatu walipita wakamkemea, wakachoka, wakahamishwa, yeye akabaki. Tulidhani ni ubishi. Wanaume wa mlimani wanasifika kwa ubishi, nao hawakatai.

Alistaafu kimyakimya. Alinikabidhi funguo, glasi na kopo la pamba. Kigoda hakukitaja. Kwa muda mrefu baadaye nilisikia tu kwamba yuko shambani kwake, hateremki hata misa.

Sasa niseme ya masika haya yaliyopita, na sitajitetea.

Ilikuwa Jumatano. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia CRP, vilikuwa vimeisha tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo tulirudi kwenye mirija yetu ya zamani. Saa tatu asubuhi bodaboda alifika amelowa, akanipa chupa ya zambarau na fomu iliyojikunja kwa unyevu. Ilitoka zahanati ya juu. Mama wa miaka hamsini na nane, goti la kulia, anatembea kwa fimbo. Damu ilikuwa imechukuliwa jana yake jioni, njia ikaharibika, ikalala huko. Nesi alikuwa ameshanipigia simu kuniomba.

"Dada nisaidie, huyu mama wanamsumbua sana nyumbani, wanasema anadeka. Tunataka kujua tu kama ni uzee tumpe dawa ya maumivu akapumzike."

Nilijua damu ikilala hivyo hupoteza mwendo. Chembe zake huchoka, hazizami tena kama zinavyopaswa, na namba hutoka ndogo hata kama mwili unaungua. Nilijua. Lakini foleni ilikuwa imefika mlango wa nje, mwenyewe yuko mbali, mvua inanyesha, na nesi ameniomba vizuri. Nikaisimamisha. Saa nne, foleni ikiwa imeshahamia kliniki, nikaisoma kumi na mbili, nikaiandika kumi na mbili kwenye fomu, nikasaini, nikamtumia nesi ujumbe kwamba mama hana kitu. Namba nzuri kabisa. Nilifurahi kwa ajili yake.

Ndipo nikasikia hatua.

Wingu lilikuwa limejaa koridoni, mabenchi ya mbali hayaonekani. Nilimjua papo hapo, hata baada ya miaka yote ile. Hakuna mtu mwingine anayeburuta kisigino cha kulia namna ile. Nikafanya kama alivyonifundisha. Nikafunga mlango, nikakaa. Za mwanzo zilikuwa nzito mno, nikamhurumia. Kwenye benchi la pili zikaanza kulainika. Nikashusha pumzi, nikachukua karatasi nikaandika ishirini.

Lakini zilikuwa za watu wawili. Nyuma ya hatua zake kulikuwa na nyingine, za mtu aliye peku, nzito tangu mwanzo na nzito vilevile zilipokaribia. Nikadhani amekuja na mkewe.

Mlango ukafunguka akaingia peke yake.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba, binti wa mpunga." Alikuwa amekonda, koti limemzidi. "Umekuwa mnene. Hongera." Halafu akaketi, akakunja mkono wa shati, akaulaza juu ya meza. "Leo nimekuja kutoa."

Nilipata mshipa, nikajaza mrija, nikausimamisha. Nikajaza glasi hadi ukingoni. Yeye akageuza kiti, akaitazama stendi, na saa ya damu ikaanza.

"Limevimba miezi mitatu," alisema bila kuniangalia. "Usiku silali. Nikajua ndilo lenyewe, nikaona nisife bila kukwambia."

Alinieleza kwamba kabla sijaja, zamani, alikuwa mtu anayepokea kila kitu. Kulikuwa na mama mmoja wa juu aliyemletea karoti kila Jumatano, akitoka sokoni, akapumzika nje ya dirisha kwenye kigoda alichokiacha hapo mwenyewe kwa kazi hiyo. Goti lake lilikuwa limesagika kama la wenzake. Jumatano moja hakuja. Jumatano ya pili zikaja karoti peke yake, na juu ya karoti, ndani ya kapu, chupa ya zambarau imefungwa kwa jani la mgomba. Damu ilishuka, mwenyewe akabaki. Jirani aliyelibeba kapu alikuwa ameuza karoti zake kwanza, akala kwanza, akalileta jua likiwa limeshaelekea kutua.

"Nikaisimamisha," alisema Mkuu. "Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Ikasoma kumi na mbili. Nikamwandikia kumi na mbili, kwamba hana kitu, ni uzee. Karatasi ikarudi mlimani ndani ya kapu tupu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya ile fomu ya asubuhi. Sikuusogeza.

"Jumamosi ya tatu ninapanda shambani, nikakutana na machela. Wanaume wanne, wanateremka mbiombio. Nikajibanza pembeni niwapishe. Yeye akanitambua, akawaambia wasimame. Nikaligusa goti kwa mgongo wa mkono. Mwanangu, lilikuwa kama chungu kilichotoka jikoni. Limejaa usaha. Zaidi ya wiki mbili mwili wake ulikuwa unaungua na nyumbani wanamwambia inuka, karatasi imesema huna kitu. Unajua aliniambia nini? Hakunitukana. Alisema, 'Mkuu, uliniandikia sina kitu.' Nikarudi nao. Alikata roho kwenye lile daraja la chini, kabla hawajaifikia barabara."

Nilitazama mrija wake; damu ilikuwa bado inashuka.

"Kwa hiyo ninangoja," aliendelea. "Nilijua atanipa goti la kwake. Kila Jumatano anapita kuniangalia kama nimeshalipata. Nikiumwa usiku huwa nasema, haya, sasa ni lenyewe, tutamalizana." Kisha akainamisha sikio upande wangu. "Umeacha kupumua. Una nini hapo mezani?"

"Hakuna kitu, Mkuu."

Nilimdanganya. Mtu yule, siku ile. Nilishikwa na aibu ya kufanya kosa lake lile lile, kwa mkono ule ule aliouongoza kushika sindano, na aibu ikanifanya mwongo.

"Haya," akasema.

Saa ilipotimia nilisimama mbele ya mrija. Nikausoma, nikausoma tena.

"Kumi na tisa, Mkuu."

"Soma vizuri."

"Kumi na tisa. Na kwa umri wako huu, hakuna kitu hapo. Ni kusagika tu. Ni majivu." Nikafungua karatasi yangu nikamwonyesha ishirini niliyoiandika kabla hajaingia.

Nilidhani atafurahi. Alilia. Mzee mzima aliweka paji la uso juu ya meza na kulia kwa sauti ndogo, na maji ya glasi yalikuwa yakimwagika ukingoni na hakuyajali. "Ni langu," alisema. "Ni langu tu, si la kwake. Basi hajaja kwa ajili yangu." Nilimshika bega mpaka akatulia. Akapangusa uso kwa leso, akashusha mkono wa shati, akaaga kwa adabu kama mgonjwa yeyote.

Nilibaki nimesimama, namsikiliza akienda. Nzito, nzito, kisha zikalainika, kisha mlango wa nje ukafunguka na kufungwa. Korido ikawa kimya. Nikasema ndani ya moyo, yamekwisha.

Maji ya glasi yakatetemeka.

Hazikumfuata yeye. Zilianzia kule kule mlango wa nje na kuja huku, hatua za mtu peku, nzito ya kwanza, nzito ya kumi, nzito ya thelathini, mpaka nje ya dirisha langu, zikasimama. Nilisikia kigoda kikilia kama kimekaliwa. Nilifungua dirisha. Palikuwa na wingu tu. Nikarudi mezani, nikaiona fomu, na saini yangu chini ya kumi na mbili, wino bado unang'aa.

Niliikata namba ile mistari miwili. Nikampigia nesi.

"Yule mama wa goti. Msimpe karatasi yoyote. Mleteni."

"Dada, na mvua hii? Si umeniandikia mwenyewe kwamba hana..."

"Sijasema kitu. Nimekosea mimi. Wambebe kwa machela mpaka barabarani, wapande gari lolote, nitalilipia. Ila hapa koridoni wamshushe. Namtaka atembee."

Usiku huo nililala vibaya. Alhamisi hatuna kliniki ya mifupa, korido ilikuwa tupu na wingu lilikuwa lile lile la jana. Saa nne nilisikia gari, nikasikia sauti za wanaume wakimshusha mtu, na sauti ya mwanamke akisema, "Niacheni, nitajaribu." Nikafunga mlango. Nikaketi.

Fimbo, mguu. Fimbo, mguu. Alipita benchi la kwanza. Alipita benchi la pili, na hazikulainika. Sikungoja arobaini. Nilitoka, nikainama kuchukua kigoda, kile ambacho sijawahi kukikalia wala kukigusa, na kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi kumpisha mwenzake. Nilikibeba hivyo hivyo nikaingia nacho kwenye wingu kumpokea.